Nyumba ya Mafurushi na Cheti cha Ukale

Nchi ninayotaka kuwasimulia haiko jirani na kwenu wala haifanani na ya kwenu, kwa hiyo msinitazame hivyo. Kaeni vizuri. Atakayejiona ndani ya habari hii ajue amejiona mwenyewe, mimi sikumwita.

Katika nchi hiyo nilikuwa karani wa daraja la tano, Wizara ya Mambo ya Kale na Mapato. Zamani zilikuwa wizara mbili. Mtukufu Rais aliziunganisha ili kubana matumizi, na kwa sababu, kama alivyotueleza kwa hekima zake, zote mbili kazi yake ni kufukua. Nilipewa meza, tepu ya kupimia ya mita thelathini na kalamu ya wino mweusi. Wakubwa walikuwa na kalamu za wino wa kijani, ambazo sisi wa madaraja ya chini hatukuruhusiwa hata kuziokota zikianguka. Lakini nilikuwa na hati nzuri. Watu walikuwa wakisema hati ya Kilindo, ndiyo mimi, unaweza kuitundika ukutani, nami nikiamini kwamba mtu mwenye hati nzuri hawezi kufanya ubaya.

Mambo yalianza pale wafadhili walipokuja kutukopesha. Tuliwazungusha mji mkuu mzima, tukawaonyesha maghorofa ya vioo, na barabara ya njia nane inayotoka ikulu kwenda uwanja wa ndege bila kupita kwa mwananchi yeyote. Mmoja wao akauliza majengo yetu ya kale yako wapi. Mtukufu Rais akajibu kwa fahari kwamba tumeshayabomoa, kwa kuwa sisi ni watu wa maendeleo. Wageni wakaandika kitu kwenye daftari zao, na mkopo ukachelewa.

Wiki mbili baadaye Bunge lilipitisha, kwa kauli moja na kabla ya chai ya saa nne, Sheria ya Kuhuisha Majengo ya Kale, Kuwaenzi Wahenga na Mambo Mengine Yanayohusiana na Hayo. Yeyote atakayehuisha jengo la kale atasamehewa kodi kwa miaka thelathini, tena si kodi ya jengo hilo peke yake. Atasamehewa kodi ya kila kitu anachouza, anachonunua na anachofikiria kununua. Waziri wetu, Mheshimiwa Gumbo Matwana, aliitetea hoja kwa hotuba ambayo hadi leo inafundishwa shuleni.

"Wahenga wetu walijenga bila kulipa kodi," alisema. "Kumuenzi mhenga ni kufuata nyayo zake."

Wabunge walipiga meza mpaka maji yakamwagika.

*

Wa kwanza kuwaenzi wahenga alikuwa Bwana Selesti Ngoronjo, mwenye viwanda vya saruji na bia. Alikuwa mtu wa kodi nyingi, masikini, na jambo hilo lilimkosesha usingizi. Mwezi haujaisha akawa na vyeti sita vya ukale. Kimoja kilikuwa cha kituo cha petroli kilichojengwa mwaka mwanangu wa mwisho alipoachishwa ziwa. Kamati ya Ukale, yenye wataalamu watano waliosoma mpaka macho yakachoka, ilimwuliza kwa ukali ukale wa kituo kile uko wapi. Akawajibu kwamba mafuta yaliyomo matangini yametokana na viumbe waliokufa miaka milioni nyingi kabla ya wahenga wenyewe. Wataalamu wakatazamana, wakaona kweli elimu haina mwisho, wakatia saini.

Ikazuka kazi mpya mjini, kazi ya mafundi wa kuzeesha. Ukiwa na ghorofa jipya wanakuja na makumbi mabichi, wanalifukiza moshi siku tatu. Kisha wanamwaga uji ukutani ili uote ukungu, na dari wanaitia popo wa kukodi. Popo walipanda bei mpaka serikali ikatangaza bei elekezi ya popo. Mkuu wa polisi aliizeesha nyumba yake vizuri mno hata mkewe akahamia kwa mama yake kwa kuogopa kuangukiwa, na cheti alikipata siku hiyohiyo.

Basi wote wenye uwezo wakawa wa kale, na wa kale halipi. Hazina ikabaki inatoa mwangwi. Wizara ikakaa kikao cha siku nne kwenye hoteli ya ufukweni, ikapata dawa. Ilianzishwa Kodi ya Kuukuu. Kila mwenye nyumba ya zamani isiyo na cheti alipishwe kwa kila mwaka ambao nyumba yake imesimama, kwa kuwa muda wote huo imekuwa ikitumia jua, kivuli na hewa ya taifa. Asiyelipa, nyumba inapigwa mnada. Nakumbuka nilivyolinakili tangazo lile kwa herufi kubwa za kupendeza, nikaweka na maua pembeni.

*

Katika mtaa wa Kwa Waashi, nyuma ya soko la viazi, kulikuwa na nyumba ya mawe ya ghorofa moja iliyoitwa Nyumba ya Mafurushi. Ilikuwa na miaka mia mbili na kumi na mmoja. Aliyeijenga alikuwa mwanamke, muuza udi na ubani, ambaye ujanani aliachwa kwa talaka tatu akatolewa nje na furushi lake kichwani, mvua inanyesha, milango ya ndugu imefungwa. Alipopata mali alijenga, akaiweka nyumba wakfu: mwanamke yeyote aliyetolewa nyumbani na furushi lake atalala humo, asiulizwe jina wala kosa.

Msimamizi wa wakfu zama zangu alikuwa Bi Mwanaate, wa uzao wa yule mjenzi, mwanamke wa miaka sabini aliyenyooka kama mlingoti wa bendera. Yeye na wenzake walikuwa kumi na mmoja. Kulikuwa na mwalimu mstaafu, Mwalimu Tabu, ambaye mwanawe wa kumzaa aliuza nyumba akiwa yeye yuko ndani anapika. Kulikuwa na mkunga. Kulikuwa na wake wenza wawili waliofukuzwa na bwana mmoja siku moja, wakaja njiani wanagombana, wakafika wamepatana, na tangu hapo hawakuachana. Wengine walikuwa wajane waliotolewa na mashemeji hata arobaini haijaisha. Kila mwaka kabla ya mwezi wa mfungo walipanda ngazi wenyewe, vizee vile, wakapaka chokaa chumba kwa chumba. Nyumba ile haikuwahi kuvuja. Hilo mlishike, kwa sababu serikali halikuipendeza hata kidogo.

Kodi ya Kuukuu kwa miaka mia mbili na kumi na mmoja ilikuwa jambo ambalo wanawake wale wasingeliweza hata wangeuza meno yao. Kulikuwa na njia moja tu ya kuinusuru nyumba, nayo ni cheti. Bi Mwanaate akaandika maombi, nami nikatumwa kukagua.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akanipa kiti na kahawa ya tangawizi. Fomu ilikuwa na maswali arobaini na manne. Tulikwenda vizuri sana. Mawe, boriti, milango, kisima, kila kitu kilikuwa cha kale kuliko kitu chochote nilichowahi kupima, na nilikuwa nimepima vituo vitatu vya petroli. Tukafika swali la thelathini na moja: Tarehe ujenzi ulipomalizika.

Bi Mwanaate akacheka. "Haujamalizika, mwanangu. Wewe si wa mji huu?"

Mimi ni wa mji huu. Waashi wetu hawamalizi nyumba. Huacha mahali pamoja ukutani, ukubwa wa sinia la pilau, mawe yakiwa wazi bila lipu, na mahali hapo huitwa pa mjukuu. Maana yake ni kwamba wanaokuja nao waachiwe kazi, na mwenye nyumba asijione amefika. Wazee wetu husema nyumba ikiisha na wenyewe wameisha. Nyumba niliyozaliwa ina pa mjukuu, tena nyuma ya kabati la vyombo. Nilijua kabisa alichokuwa anasema.

Waombaji wote waliomtangulia waliandika tarehe walizoota. Ngoronjo aliandika kwamba kituo chake kilimalizika enzi za masultani. Ningeweza kumnong'oneza, mama, taja mwaka wowote. Lakini mwongozo wa wizara, ukurasa wa tisa, unasema karani asimsaidie mwananchi kujibu. Mwanamke alisema kweli, nami nikaandika kweli, kwa hati yangu ile ya kutundikwa ukutani: Ujenzi haujamalizika.

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Methali hiyo haisemi kama wizara nayo inampenda.

*

Jibu lilikuja upesi, na kwetu sisi jibu la upesi si dalili njema. Liliandikwa kwamba, kwa kuwa mwombaji amekiri kwa kinywa chake kuwa ujenzi haujamalizika, mahali hapo si jengo bali ni eneo la ujenzi. Eneo la ujenzi haliwezi kuwa la kale. Aidha, ujenzi huo umeendelea kwa miaka mia mbili na kumi na mmoja bila kibali. Aidha, wanawake kumi na mmoja wamebainika kulala katika eneo la ujenzi bila vifaa vya usalama kazini.

Mkaguzi wa usalama alifika kesho yake, mtu mwenye huruma sana. Alisema hataki kuwatoa wazee wa watu, ila sheria ni sheria, wavae helmeti. Kwa hiyo walivaa. Mimi niliwaona kwa macho yangu, vizee kumi na mmoja wenye helmeti za njano juu ya kanga, wanachambua mchele, wanasuka ukili, wanasongeana ugali. Mkunga aliitwa kuzalisha mtaa wa pili, akatoka mbio nayo kichwani, mzazi akamwona akadhani nyumba inabomolewa. Kusujudu na helmeti ni kazi. Walijaribu siku mbili, siku ya tatu wakaivua kwa rakaa zile tu, na mkaguzi akawaandikia onyo.

Mtaa ulicheka. Na mimi nilicheka, nisiwadanganye. Bi Mwanaate hakucheka. Aliomba kuonana na Kamati ya Ukale.

*

Kikao kilikuwa siku ya Jumanne, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali hivi kwamba wataalamu walivaa makoti mazito yaliyonunuliwa kwa fungu la kuhifadhi joto la taifa. Mheshimiwa Gumbo Matwana aliongoza mwenyewe. Alimpokea Bi Mwanaate kwa heshima, akamwita mama mzazi wa historia yetu, akasema machozi yanamlenga kila anapomwona mwanamke wa zamani. Halafu akaeleza msimamo wa serikali kwa muda wa saa moja na dakika ishirini. Kwa ufupi alisema serikali inampenda, ila haiwezi kuhuisha kitu ambacho bado hakijazaliwa.

Bi Mwanaate alisimama na helmeti yake, maana alikuwa ameambiwa asiivue hadi shauri liishe.

"Mheshimiwa," alisema, "ndani ya nyumba ile wamezaliwa watu arobaini na watatu, na mkunga aliyewashika yuko, mwulize. Wamezaliwa, wamekua, wengine wamekufa kwa uzee. Nyumba yenyewe ndiyo imebaki mimba?"

Niliona mtaalamu mmoja anaangalia viatu vyake. Mheshimiwa Waziri alitabasamu polepole, akasema mama amesema maneno ya busara kubwa, na kwa kuwa serikali ni sikivu, anampa ushauri wa bure ambao hajawahi kumpa mtu. Aende akaimalizie. Ni mkono mmoja tu wa lipu. Akipaka, nyumba imekwisha. Ikiisha, ni jengo. Ikiwa ni jengo, aje achukue cheti.

Bi Mwanaate alimwuliza kama hiyo ni ahadi. Waziri akaweka mkono kifuani, upande wa kulia, akasema ni ahadi.

Siku ile ile baada ya alasiri wanawake walikaa uani kushauriana, na mimi nilikuwepo kwa kuwa nilitumwa kushuhudia. Wale wake wenza walikataa katakata. Walisema mahali pale pamepita waashi saba na wasimamizi sita wa wakfu hakuna aliyepagusa, leo waguse wao kwa sababu ya karatasi? Mwalimu Tabu alisema yeye aliwahi kutolewa nyumba iliyokuwa na kila kitu kimetimia ila karatasi, na hatarudi tena barabarani kwa ajili ya jiwe lisilo na lipu. Walibishana hadi maghribi. Mwisho walimwachia Bi Mwanaate, na Bi Mwanaate alisema mila imewafunika miaka yote hii, lakini siku ya mnada mila haina pa kusimama mbele ya dalali. Atapaka yeye, na kama kuna la kufika basi limfike yeye.

Alipaka siku ya Alhamisi asubuhi, kwa chokaa iliyoiva ya shimo lao wenyewe. Ilimchukua dakika kumi. Hakuna aliyepiga kigelegele. Alipomaliza alinawa mikono, akanitazama.

"Haya," alisema. "Sasa andika."

Nikaandika tarehe. Nikampa na hongera.

*

Jumatatu ilitoka barua. Naikumbuka neno kwa neno kwa kuwa mimi ndiye niliyeinakili, Mheshimiwa akaitia saini ya kijani.

Wizara ilimpongeza Bi Mwanaate kwa ujenzi wa kasi na viwango. Ilimjulisha kwamba jengo lake, lililomalizika Alhamisi, lina umri wa siku nne. Jengo la siku nne si la kale, kwa hiyo ombi la cheti limekataliwa. Hata hivyo kiwanja husika kinatambulika na taifa kuwa ndipo ilipo Nyumba ya Mafurushi, nyumba ya kihistoria ya miaka mia mbili na kumi na mmoja. Jengo jipya lililojitokeza Alhamisi limevamia kiwanja cha turathi na linaziba mandhari ya nyumba hiyo ya kale. Bwana Selesti Ngoronjo, mzalendo, ameomba kuihuisha nyumba ya kale kwa gharama zake, na ombi lake limekubaliwa. Ili kazi ya kuihuisha ianze, jengo jipya libomolewe ndani ya siku saba.

Irudieni kichwani kama hamjaelewa. Mimi niliinakili mara tatu, nakala ya faili, nakala ya Ngoronjo na nakala ya Bi Mwanaate. Walikuwa wanaibomoa nyumba ili wapate kuihifadhi.

Ombi la Ngoronjo lilipita mikononi mwangu pia. Lilikuwa limegongwa muhuri Jumatano. Waziri alitoa ushauri wake wa bure Jumanne, Bwana Ngoronjo akaomba Jumatano, kizee akapaka lipu Alhamisi. Mimi ni karani wa daraja la tano, sina elimu ya kuunganisha Jumanne na Jumatano. Nililiweka kwenye faili panapostahili.

Bi Mwanaate alikuja ofisini na barua mkononi. Alikaa kwenye benchi la wananchi tangu saa mbili hadi tulipofunga, siku tatu. Kila aliyepita alimwambia mhusika ametoka. Mimi niliingilia mlango wa nyuma siku zote tatu. Nataka hilo lijulikane, sina sababu ya kulificha.

*

Tingatinga lilikuja Jumamosi. Dereva wake alikuwa mtu wa mtaa wa pili, naye alizunguka nyumba mara mbili, akashuka akasema haoni pa kuanzia, ukuta hauna hata ufa. Msimamizi wa Ngoronjo akamwambia hiyo ndiyo kasoro ya majengo mapya. Ikachukua siku tatu nzima. Boriti zile zilikuwa hazivunjiki, zilichomolewa mojamoja zikiwa nzima na kupakiwa kwenye lori, na baadaye nilizikuta zimekuwa meza nyumbani kwa mtu ninayemjua.

Wanawake walitoka na mafurushi yao wakasimama ng'ambo ya barabara. Mkunga alikuwa amembeba Mwalimu Tabu mgongoni, kwa kuwa miguu ilikataa. Hawakulia. Watu wa mtaa walisimama nao, wanaume wazima wenye mikono ya uashi, na hakuna aliyetupa hata jiwe. Polisi walikuwa wawili tu, mmoja amesinzia.

Nimejitahidi kuwasimulia kwa adabu mpaka hapa, kama tulivyofundishwa. Lakini nina hasira. Nina hasira na Gumbo Matwana na mkono wake wa kifuani. Nina hasira na wataalamu watano waliosoma mpaka wakasahau ukuta ni nini. Nina hasira na mtaa uliocheka helmeti ukanyamaza kwa tingatinga. Na nina hasira zaidi na karani mmoja mwenye hati nzuri, ambaye alikuwa na nafasi ya kuandika mwaka wowote kwenye swali la thelathini na moja, wino ulikuwepo, kahawa ya watu alikuwa ameshainywa, akaona ukurasa wa tisa ni mkubwa kuliko nyumba.

Walihamia chini ya paa la soko la viazi, juu ya meza za wachuuzi, sharti waamke kabla ya alfajiri. Masika yale Mwalimu Tabu alishikwa na kifua. Alifia mezani, na mchuuzi alidai meza yake ioshwe. Wakabaki kumi.

*

Nyumba ya Mafurushi ilihuishwa kwa uaminifu mkubwa. Ilikuwa ya ghorofa moja, sasa ikawa ya ghorofa kumi na nne, kwa saruji ya Ngoronjo mwenyewe, na ndani vyumba mia mbili na bwawa la kuogelea pale kilipokuwa kisima. Jina lilibaki lile lile. Kila mgeni aliyefika alipewa kifurushi cha hariri chenye sabuni na kandambili. Kwa kuwa sheria inataka jengo lililohuishwa lionyeshe historia yake, mlangoni walipachika bamba la shaba lenye maneno ya wakfu, herufi kubwa: Mwanamke yeyote aliyetolewa nyumbani na furushi lake na abishe hodi hapa, hataulizwa jina. Kwa bamba lile peke yake Ngoronjo aliongezewa miaka kumi ya msamaha.

Siku ya ufunguzi wafadhili walikuja wote. Waliambiwa hili ndilo jengo la kale kuliko yote nchini, wakaligusa kwa upole. Mimi nilikuwa nimepandishwa daraja la nne, nimevaa suti ya kuazima, nimesimama ukumbini na orodha ya wageni waalikwa. Mheshimiwa Waziri alikuwa katikati ya hotuba, anaeleza jinsi taifa linavyomthamini mwanamke, pale hodi ilipobishwa.

Ilibishwa mara tatu. Msichana wa mapokezi alikuwa amefundishwa kwamba mgeni yeyote akibisha hodi aitikiwe karibu kwa tabasamu, kwa hiyo aliitikia karibu, akatabasamu, akafungua. Waliingia kumi, kwa mstari, Bi Mwanaate mbele. Kila mmoja alikuwa na furushi lake kichwani. Walipita katikati ya viti vya wageni bila haraka, wakatandika mikeka yao chini penye marumaru, wakakaa kama watu waliofika kwao. Wale wake wenza walianza kufungua mafurushi. Mkunga alitoa sufuria.

Walinzi walitazamana, halafu wakaja mbio. Waliwanyanyua kwa makwapa, mmojammoja, kanga zinaburuta, sufuria imeanguka inalia sakafuni. Wanawake hawakupiga kelele. Walishikilia mafurushi tu, mlinzi akivuta huku, wao wakivuta huku.

Ndipo mfadhili mmoja mwanamke, machozi yanamtoka, akasimama akaanza kupiga makofi. Mwenzake naye akasimama. Ukumbi mzima ukasimama. Mheshimiwa Gumbo Matwana aliona, na mtu yule hajawa waziri kwa bahati. Alinyoosha mikono miwili kuelekea wanawake waliokuwa wanaburutwa, akasema kwenye kipaza sauti kwamba hao ni wasanii wetu wa jadi, wametuigizia historia ya nyumba hii.

Walimpitisha Bi Mwanaate mbele yangu kabisa. Kanga ilikuwa imemdondoka kichwani, mvi ziko wazi mbele ya watu. Alinitambua. Aliweka miguu chini, akawalazimisha walinzi wasimame kidogo.

"Mwanangu," aliniambia, "waambie hawa sisi hatuigizi."

Wakamtoa. Makofi yalikuwa makubwa, na Mheshimiwa alikuwa anatutazama sisi wa wizara, mmoja baada ya mwingine. Niliibana orodha kwapani ili mikono yote miwili ipate nafasi, nikapiga makofi.